Wakituingilia mnada, wahuni ni sisi

Nimerudi chuo jana usiku, mgongo unauma kwa basi kutoka Mbinga, na bado nina hasira za karata. Msinicheke.

Likizo yote tulikuwa wanne Mbamba Bay, briji kwenye mkeka chini ya mwembe, usipa umeanikwa pembeni. Basi bwana, mgao wa mwisho. Mimi na kaka (mtoto wa mama mkubwa) tuna gemu moja tayari, wao hawana kitu. Nikafungua kopa moja. Kaka akaruka hadi nne bila turufu, ile Blackwood ya mwaka 1933: "una ree ngapi?" Kawaida maua tano ni sina, uru tano ni moja, unapanda hivyo. Kabla sijajibu, zamu ya jamaa wa kati, akatia maua tano. Mimi nina ree moja, nikasema uru tano kama siku zote. Kaka akasoma mbili! Akaenda kopa sita. Wakala ree zao mbili hapo hapo, kwisha habari. Kopa tano ilikuwepo, na pointi 700 za raba juu yake.

Kaka akawaka: "Wahuni hawa, wanaingilia mazungumzo ya watu!"

Hapana, kaka. Kahawa yenu ya Mbinga ikipigwa mnada, bei ni bei tu. Kwenye briji kila dau ni neno pia, na mpinzani anayekunyang'anya maneno anafanya kazi yake. Kinachokatazwa ni kukonyezana, na hapo, teh teh, tusichimbuane.

Uhuni ulikuwa wetu. Yeye kichwani alikuwa na DOPI: wakiingilia, dabo ni sina, pasi ni moja, hatua inayofuata ni mbili. Mimi kichwani nilikuwa na "tunaendelea kama kawaida". Miaka miwili tunacheza pamoja, hatujawahi kuulizana! Na DOPI ni tamu kweli: ningepasi, kaka angejua ni moja, halafu angechagua mwenyewe, kopa tano au awapige dabo walipe hayo maua yao.

Kuna wengine hapa hosteli wanasema wakiingiliwa tu mfumo wote umezimwa. Uvivu huo. Ukiuliza Stayman kwa maua mbili na mtu akapiga dabo, kakuibia nini? Hata hatua moja hajaiba. Anamwambia mwenzake aanze na maua, basi. Majibu yako yote yapo, na umeongezewa pasi na ridabo bure! Akitia uru mbili, bado kopa mbili na shupaza mbili zinasema una nne za rangi hiyo, pasi inasema huna, na dabo ni ya kumwadhibu. Ila mkubaliane kabla ya kugawa, sio baada ya kulia.

Leo nimempigia. DOPI kakubali. Ila sasa anataka mimi nikifungua moja bila turufu, wakatia kopa mbili, dabo yake iwe na maana ya "hilo ndilo dau nililotaka mimi". Nikamwambia, kaka, siku ukiwa na kopa tano nzuri mkononi utawaadhibu na nini? Akasema hiyo haitokei. Tumebishana mpaka salio likakata, na Desemba ndiye nitakayekaa naye tena.