Pilipili haimfanyi mbwa awe mlinzi

Hivi ni nani aliyetudanganya kwamba mbwa akilishwa pilipili anakuwa mkali? Nimezunguka mitaa mingi ya Dar kutafuta habari, na imani hii naikuta kila kona. Tena wanaoishikilia ni wasomi wenzetu, watu wa digrii, wenye geti na kibao cha "Mbwa Mkali".

Jamani, kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini, na huo mwasho si ladha, ni maumivu. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walionyesha kwamba kapsaisini inaamsha neva zile zile zinazotuambia tumeungua. Kazi hiyo ilichangia kumpa Nobeli mwaka 2021. Kuku anadonoa pilipili bila wasiwasi kwa sababu ndege hawasikii mwasho huo. Mbwa anausikia, kama wewe.

Matokeo? Anatapika, anaharisha, anahema kwa kiu. Halafu akibweka usiku kucha tunasema dawa imekubali! Mnyama mwenye maumivu hachagui wa kumng'ata. Anamng'ata aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wako au dada wa kazi. Mwizi bado yuko nje ya ukuta.

Najua kuna atakayesema: "Mbona wangu anakula makombo ya mchuzi kila siku na hafi?" Sawa, pilipili kidogo haitamuua. Lakini huo mchuzi una kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kwa mbwa wa kilo 20, gramu 100 kwa mkupuo zinaweza kumdhuru. Hicho ni kitunguu kimoja tu cha kawaida. Kitunguu saumu nacho ni hivyo hivyo. Dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo mbwa analegea, ufizi unapauka, na sisi tunamsingizia jirani kwamba kamtilia sumu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Inakataza ukatili, lakini kwetu ukatili ni kumpiga mbwa mawe tu. Kumchoma tumbo kwa sahani tunaita malezi.

Unataka mlinzi? Mfundishe, mchanje, mpe ugali na dagaa wasio na viungo. Huwezi? Basi ajiri mlinzi, na umlipe. Pilipili ibaki kwenye kachumbari yako.

Au mwenzangu una hoja ya kuitetea? Ilete, tubishane.