Askari na Hazina ya Vitabu vya Bahari

Mnamo Desemba 1872 manowari ya Kiingereza iitwayo Challenger iling'oa nanga ikiwa imebakiwa na mizinga miwili tu. Mahali pa mizinga iliyoondolewa palitengenezwa vyumba vya wataalamu. Kwa muda wa miaka mitatu na nusu wanamaji wa kivita walikokota nyavu vilindini, na viumbe zaidi ya 4,000 wasiopata kujulikana wakatambuliwa. Taarifa ya safari hiyo ilitolewa katika majalada 50, kati ya 1880 na 1895.

Huenda askari akauliza: vitabu vikuukuu namna hiyo vyafaa nini? Vyafaa sana. Jina la kila kiumbe cha bahari hutegemea maelezo yaliyochapishwa kwanza. Mtaalamu adhaniaye amegundua samaki mpya hana budi kuyarejea, hata yakiwa ya 1758, mwaka wa kitabu mashuhuri cha Linnaeus. Tena, mwaka 2012 vipimo vya joto vya Challenger vililinganishwa na vya siku hizi, ikathibitika kwamba bahari imezidi kupata joto. Wahenga walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Adui wa daftari hilo ni unyevu, mchwa, moto, na vita. Katika mapigano ya Manila ya Februari 1945, maktaba na vielelezo vya Idara ya Sayansi viliteketea, pamoja na samaki wengi waliokusanywa na Albert Herre. Kitabu chake cha 1927 juu ya samaki hao kilisalimika kwa sababu nakala zake zilikwisha kufika ng'ambo.

Leo maktaba za nchi nyingi zinashirikiana kupiga picha kurasa za vitabu hivyo, ili vipatikane kwa wote. Lakini jivu halipigwi picha.

Ndiyo maana Mkataba wa The Hague wa 1954 unataja vitabu na mikusanyo ya sayansi miongoni mwa mali zipasazo kulindwa, na kuagiza majeshi yafundishwe hayo wakati wa amani. Basi, ndugu maofisa na askari, tusidharau lindo la maktaba wala kesi ya kitabu kilichoibwa. Alindaye ghala la silaha hulinda nchi ya leo. Alindaye ghala la elimu hulinda na ya kesho.