Ndege ni Mpanzi, Tuangalie Tunachompa

Kila mwaka, majira ya baridi yanapoingia Ulaya na Asia, ndege wasiohesabika huhamia Afrika kutafuta joto na chakula. Nimewatafuta wageni hawa katika kaunti za Migori na Homa Bay, na nimetambua kwamba anayetaka kuwaona hana haja ya kuzunguka nyika nzima. Na autafute mti wenye matunda mabivu, kisha atulie karibu nao.

Katika mkuyu uliozaa, mwenyeji na mgeni hula sinia moja. Hapo yupo ninga wa kijani, hondohondo, pasa, na yule ndege wa kijivu mwenye mdomo wa manjano ambaye mlio wake ni kama kicheko. Mwenye bahati humwona pia mgeni wa Ulaya mwenye rangi ya dhahabu na mabawa meusi, anayepita nchini kati ya Oktoba na Aprili. Aidha, mikuyu haizai yote kwa pamoja; huu ukimaliza, ule huanza. Ndiyo maana hata kiangazi kinapokaza, ghala hili halikosi kitu.

La kusikitisha ni kwamba mikuyu inaangushwa kwa ajili ya kuni na makaa, ilhali tunapopamba boma, shule na ofisi tunapanda mikaratusi, ambayo matunda yake ni makavu, ama ua wa lantana. Mmea huu uliletwa kutoka Marekani ya kitropiki kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Ndege hupenda vitunda vyake vyeusi, na mbegu huziangusha malishoni. Huko majani yake huwadhuru ng'ombe kwa sumu, na vichaka vyake huwa maficho ya mbung'o. Wakazi wa bonde la Lambwe hawahitaji kuelezwa gharama ya mdudu huyo. Hata hivyo, ndege hana hatia. Yeye hupanda mbegu aliyopewa.

Wapo watakaosema kwamba mkaratusi huleta fedha za karo, na mkuyu huleta popo na uchafu uani. Hoja hiyo ina uzito, nami simwambii mkulima aing'oe mikaratusi yake shambani. Lakini uwanja wa shule, hospitali ama soko hauuzi nguzo, wala kingo za mito Kuja na Migori si mahali pa mikaratusi inayofyonza maji.

Desemba 2022 Serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Idadi pekee haitoshi. Yafaa tuulize ni miti gani. Naziomba serikali za kaunti zote mbili zitenge sehemu ya vitalu vyao kwa miti ya kiasili yenye matunda. Walimu wakuu nao wang'oe ua wa lantana kabla haujazaa, na badala yake wapande mikuyu, ambayo huota hata kwa tawi lililokatwa na kuchomekwa ardhini. Gharama yake ni jasho tu.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu mwenye mabawa atatuponya iwapo tutamwandalia tunda ambalo mbegu yake tungependa kuiona ikimea katika shamba la jirani.