Watoi Wetu Wanajua Aligeta, Mamba wa Kwetu Hawamjui

Wasee, kuna kitu imenikaa kwa roho. Mpwa wangu ako na miaka sita. Juzi alinifungulia kitabu chake cha alfabeti, ndani kuna mnyama wa kijani amevaa tai, anacheka. "Anko, A ni ya aligeta!" Nikamuuliza, na mamba je? Uso ukabadilika. "Mamba ni mbaya. Anakula watoto wasiosikia."

Shida yetu ni hiyo. Tunawapa watoto mamba wawili tu: wa katuni na wa kutishia. Wa ukweli hakuna mtu anawatambulisha kwake.

Na wa ukweli ndiye moto! Kwanza, Afrika yote haina aligeta wa porini. Wako aina mbili tu duniani, mmoja wa Marekani, mwingine wa Uchina. Binamu yao kaimani ni wa Amerika ya Kati na Kusini. Gariali, mwenye mdomo mwembamba kama fimbo, anavua samaki kwenye mito ya India na Nepal. Sisi tuko na mamba wa Nile: Turkana, Baringo, Mara, Tana. Utamjuaje? Akifunga mdomo, jino la nne la chini bado unaliona nje. La aligeta linajificha. Mtoi anashika hiyo kwa dakika moja.

Halafu ule msemo wetu, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Wamo, sawa, lakini si familia! Ndugu wa karibu zaidi wa mamba walio hai leo ni ndege. Yaani kuku wa shosho ana undugu na mamba kuliko kenge. Kenge yuko kwenye huo msafara kuiba mayai.

Hayo mayai, mama mamba huyalinda karibu miezi mitatu. Watoto wakianza kulia ndani ya mchanga, anawafukua, anawabeba mdomoni hadi majini. Mdomo ule ule tunaouogopa. Mpwa wangu aliposikia hiyo alinyamaza, kisha akauliza, "Na hawaumi?"

Dadangu akanicheka. "Mtoto wa Nairobi, mamba atamkuta wapi? Hapa Pipeline?"

Swali fair, lakini Desemba tunawapeleka watoto ushago. Baringo, miaka ya karibuni ziwa limepanda hadi likameza nyumba na shule, na mamba wakaja na maji. Kando ya Tana watu wanateka maji mtoni kila siku, na wengine hawajarudi. Huko si mchezo, na sisemi mamba ni rafiki.

Nasema hofu peke yake haifundishi. Ukimwambia mtoto "mamba mbaya" ukaishia hapo, hujamwambia kwamba mamba huvizia chini ya maji, kimya, karibu na ukingo. Hujamwambia kwamba maji yaliyotulia si maji matupu. Hujamwambia asichuchumae mahali pamoja kila siku, wala asiende mtoni giza likiingia. Wa katuni naye ni hatari zaidi, kwa sababu huyo mtoto anamsogelea apige picha. Mtoto aliyelelewa kando ya Tana mara nyingi anajua haya kabla ya kujua kusoma. Ni sisi wa mjini tumeachwa nyuma, na vitabu vyetu vya kununua.

Kwa hivyo Jumamosi nilimpeleka Snake Park, pale Makumbusho ya Taifa. Ukiwa Mombasa, kuna Mamba Village, Nyali. Hakuna haja ya lecture. Simama tu na mtoto, umwache aangalie.

Tulisimama kama dakika kumi. Mamba hakusonga hata kidogo.

"Anko, amekufa?"

"Hapana. Anangoja."

Akamwangalia tena, meno yako nje, macho wazi. Kisha akarudi nyuma hatua moja, mwenyewe, bila mtu kumtisha. Akanishika mkono, akaendelea kumwangalia.