Marburg: Kompyuta yasaka dawa, Kagera bado yasubiri

Mkoa wa Kagera umekumbwa na virusi vya Marburg mara mbili. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulizuka Wilaya ya Bukoba, ukaua watu sita kati ya tisa. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaja wagonjwa waliohisiwa Biharamulo na Muleba. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, wote 10 waliohesabiwa walikuwa wamefariki dunia.

Dawa iliyoidhinishwa haipo. Ndiyo maana wanasayansi wameigeukia kompyuta: huchora umbo la protini ya virusi, mathalani VP35 inayozima kinga ya mwili, kisha hupima kemikali maelfu kuona ipi itanasa, kama ufunguo katika kufuli. Muda na fedha huokolewa, na hakuna anayegusa virusi katika hatua hiyo.

Hata hivyo, kompyuta huteua tu, haithibitishi tiba. Majaribio yanahitaji wagonjwa, nao huwa wachache na hufariki mapema. Rwanda, mwaka 2024, ilipoteza 15 kati ya 66, baada ya kuwahisha matunzo na dawa za majaribio. Kwa Bukoba na Muleba, funzo ni moja: dawa yoyote itakayopatikana haitamfaa mgonjwa aliyechelewa kugunduliwa.