Kabla ya kusema "huyu ni babu", tazama vifungo

Albamu ya zamani ikitolewa kwenye matanga, ugomvi huanzia usoni. "Huyu ni babu, hamuoni kovu?" Mwingine anaruka: kovu la babu lilikuwa upande wa pili! Mimi niliyesafisha picha kwenye chumba cha giza hapa Tanga enzi za filamu, rai yangu ni kwamba uso ungoje kwanza. Tujue kama picha yenyewe imekaa sawa, au imegeuka kulia kushoto kama sura kwenye kioo.

Hugeukaje? Negativu ina pande mbili: mmoja unang'aa, wa pili umefifia kidogo, na huo ndio wenye dawa. Ukisafisha, upande wa dawa unatazama karatasi. Ukiuweka kinyume, picha inatoka safi kabisa, na kama haina maandishi, mwenyewe atalipa na kuondoka bila kugundua. Usiku wa kuamkia Idi, foleni ikiwa hadi barabarani, mambo hayo yalitokea kwenye studio yoyote. Siku hizi ndiyo yamezidi: wajukuu wanabandika negativu kwenye kioo cha dirisha, wanaipiga kwa simu, na upande wowote kwao ni sawa.

Kuna familia ya Pangani iliniletea picha ya fundi cherehani aliyeketi mbele ya cherehani yake, kavaa koti. Marehemu mzee wao alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Wa kwenye picha analo juu ya jicho la kulia. Mjomba akakata shauri: si yeye, ni shemeji fulani. Shangazi alikuwa akishikilia kitu kimoja tu: "Ni yeye, ila kuna kitu kimemkaa vibaya usoni." Nikachukua lenzi. Gurudumu la cherehani lilikuwa mkono wa kushoto wa fundi, na hakuna fundi wa mtaani kwetu anayezungushia gurudumu huko. Mfuko wa juu wa koti ulikuwa kifua cha kulia. Vifungo vimeshonwa ubavu wa kushoto, kama blauzi ya kike. Tulipoigeuza, kovu likarudi mahali pake, na mjomba akaomba maji ya kunywa.

Yale maneno ya shangazi hayakuwa ya kubahatisha. Uso wa mtu haulingani pande zote mbili. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha wanawake picha zao, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa. Wenyewe walielekea kupenda ile iliyogeuzwa, maana ndiyo sura wanayoiona kwenye kioo kila siku. Wenzao wakapenda ile ya kawaida. Kwa hiyo bibi akisema "anafanana naye lakini siye", geuza picha umwonyeshe tena kabla hujalifuta jina.

Huko Marekani kosa hili liliingia hadi kwenye sinema. Picha maarufu ya jambazi Billy the Kid, ya mwaka 1879 au 1880, ilipigwa juu ya bati, na picha za bati hutoka zimegeuka zenyewe. Bastola ikaonekana kiunoni kushoto, dunia ikaamini alikuwa wa shoto, na mwaka 1958 ikatoka filamu yenye jina hilo. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake siku zote: bunduki yake ya Winchester ina tundu la kupakia risasi ubavu wa kulia, na pichani liko kushoto.

Za kwetu nyingi ni za karatasi, lakini ushahidi wa namna hiyo tunao tele. Mnyororo wa baiskeli hukaa kulia. Saa wengi huvaa kushoto, ingawa hiyo peke yake siiamini. Mzee wa pwani akishika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni, mimi nashuku picha kabla sijamshuku mzee. Jina la kanga likiwa kwa herufi za Kirumi, mtoto wa shule ataona limegeuka; likiwa kwa herufi za Kiarabu, peleka kwa mwalimu wa madrasa, maana asiyezisoma haoni tofauti. Usukani wa gari nao husaidia, ila uliza kwanza ilipopigwa: ya Bujumbura ina hesabu yake.

Linaloniudhi zaidi ni majina ya nyuma ya picha. Mtu ananakili "kutoka kushoto" kwenye nakala iliyogeuzwa, na ukoo mzima unabadilishana majina. Wa katikati tu ndiye anayesalimika. Tena kushoto kwa nani, kwa anayetazama au kwa waliosimama? Andika kwa penseli, bila kukandamiza: "kutoka kushoto kwa anayetazama". Kisha taja kitu ambacho hakihamishiki, kwa mfano "aliyeshika mwavuli ni shangazi". Na picha ukiigeuza kwenye simu, ile ya awali usiifute.