Eti "Waliokotwa Mtaani": Jibu Langu kwa Jamaa wa Kimbweta

Najua nimepotea. Mlionipigia kuuliza kama nimedisko, poleni, bado nipo nipo. Nilikuwa TP wilayani huko, mtandao unaupata mpaka upande juu ya kichuguu, halafu niliporudi tu majaribio yakanikuta. Leo nimepata nafasi, na nina jambo limenikaa kooni toka wiki iliyopita. Lazima nilitoe.

Ni hivi. Hosteli kwetu siku hizi ni The Wire asubuhi mpaka usiku. Jamaa mmoja anayesoma biashara kaja nayo kwenye flashi, misimu yote mitano, vipindi 60. Kwa msioijua, ni tamthilia ya polisi na wauza unga wa mji wa Baltimore kule Marekani, ilionyeshwa na HBO kuanzia Juni 2002 mpaka Machi 2008. Ya zamani ndiyo, lakini ukianza hulali.

Sasa tumekaa kwenye kimbweta, jioni, stori zinaenda, jamaa akaanza: "Unamuona yule demu Snoop? Hajakanyaga darasa la uigizaji hata siku moja. Wamemuokota klabu. Wote wale wameokotwa mtaani, na ndio maana ile kitu ni kali. Kipaji bwana! Sasa wewe ticha unakaa miaka mitatu hapa unafundishwa namna ya kushika chaki."

Watu wakacheka mpaka basi. Na mimi nikacheka, maana ukinuna ndio umekwisha. Lakini sikulala vizuri. Sasa naomba nimjibu hapa mbele ya mashahidi.

Kwanza, jamaa yangu, si kweli kwamba wote waliokotwa. Tuanze na yule Luteni Daniels, mrefu, mkavu, anayeongea kama anahesabiwa maneno. Huyo ni Lance Reddick, aliyefariki 2023. Alizaliwa Baltimore kweli, lakini alisomea utunzi wa muziki pale Eastman, halafu akaenda shule ya uigizaji ya Yale. Bunk, yule mpelelezi mwenye sigara kubwa, ni Wendell Pierce, kapita Juilliard. McNulty mwenyewe, yule polisi mlevi wa Kimarekani, ni Mwingereza, Dominic West, kasoma Eton halafu Guildhall, London. Na Prez ni Jim True-Frost, mtu wa jukwaani, kikundi cha Steppenwolf cha Chicago. Hao wameokotwa mtaa gani?

"Na Stringer Bell je?" Idris Elba alikulia Hackney, London, na kweli alifanya kazi kiwanda cha magari cha Ford kule Dagenham na kupiga muziki kwenye klabu usiku. Lakini alianza uigizaji tangu kijana, na kule Marekani alisota kwanza kabla ya Baltimore kumjua. Kwenye usaili alificha lafudhi yake ya Kiingereza mpaka wenyewe wakaamini ni Mmarekani. Hiyo lafudhi mtu huokoti klabu, unaifanyia mazoezi. (Ndiyo, ni huyu huyu ambaye mwaka 2024 habari zilienea kuwa Serikali ya Zanzibar imemtengea ardhi ajenge studio.)

Pili, nakubali. Wapo waliotoka moja kwa moja kwenye maisha yenyewe, na sitaki kuwapunguzia hata chembe. Felicia Pearson, huyo Snoop, alifungwa kwa kuua akiwa bado binti mdogo, akakaa gerezani miaka zaidi ya sita. Alipotoka, ni Michael K. Williams, yule aliyekuwa Omar, aliyemuona klabu Baltimore akamwita aje kwenye upigaji picha. Hiyo ni kweli kabisa. Lakini angalia walichompa: mhusika mwenye jina lake, mwenye lafudhi yake, kwenye mji wake, na pembeni yake waigizaji wenye uzoefu. Wale watu walijua wanafanya nini. Na huyo Omar mwenyewe, aliyefariki 2021, kabla ya hapo alikuwa mnenguaji wa kulipwa, anacheza nyuma ya wanamuziki wakubwa. Mwili wake ulishafundishwa kazi miaka kadhaa kabla hajashika ile bunduki ya Omar.

Yupo pia Melvin Williams, aliyecheza kama Shemasi msimu wa tatu na wa nne. Zamani alikuwa muuza unga mkubwa wa Baltimore, na mwaka 1984 aliyemkamata ni mpelelezi anaitwa Ed Burns. Likariri hilo jina, tutalirudia.

Halafu kuna hii, jamaa yangu, ambayo naomba uifikirie ukiwa umekaa. Kwenye tamthilia kuna sajenti mnene mwenye mdomo mchafu, Jay Landsman. Jay Landsman ni mtu wa kweli, mpelelezi wa mauaji wa Baltimore. Na huyo mtu wa kweli yumo humo ndani, anaigiza! Ila haigizi Jay Landsman. Yeye anacheza Luteni Mello, na Jay Landsman anachezwa na mwigizaji wa kazi hiyo, Delaney Williams. Kama kuishi tu kunatosha, nani angemuigiza Landsman kuliko Landsman?

Na usiniletee Dennis Farina. Nakujua utamleta. Farina alikuwa polisi Chicago miaka 18, baadaye tukamuona Law & Order kama mpelelezi Fontana. Lakini hakuvua sare Jumatatu akawa staa Jumanne. Alianza na vijisehemu vidogo vidogo kwenye filamu na jukwaani akiwa bado polisi, akajifunza taratibu, ndipo akaacha kazi. Kule kujifunza ndiko wewe unakoruka ukisimulia.

Kuna mwingine simsikii akitajwa kwenye vimbweta. Charles S. Dutton, mtoto wa Baltimore vilevile. Alifungwa kwa kuua mtu kwenye ugomvi akiwa kijana. Akiwa gerezani akasoma tamthilia, zikamgeuza, akaanzisha kikundi cha maigizo humo humo ndani. Alipotoka akaenda chuo cha Towson, halafu Yale, shule ile ile ya Reddick. Mwaka 2000 akaongoza The Corner, ile tamthilia ya David Simon iliyotangulia The Wire, akapata tuzo ya Emmy kwa kuiongoza. Mtaa alikuwa nao wote, gereza alikuwa nalo, kipaji alikuwa nacho. Na bado alikwenda darasani. Kwa nini? Kwa sababu alijua kipaji bila kazi ni maneno ya kimbweta.

Sasa turudi kwa Ed Burns. Huyu alipigana vita Vietnam, akawa polisi Baltimore miaka 20, akawakamata kina Melvin Williams. Alipostaafu unajua alikwenda wapi? Alikwenda kufundisha, jamaa yangu. Shule ya serikali, watoto wa rika la darasa la saba. Baadaye akaungana na Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi wa gazeti la Baltimore Sun, wakatengeneza The Wire. Msimu wa nne, wa 2006, ambao wewe mwenyewe umesema ndio mkali kuliko yote, ni msimu wa shule. Prez anaacha upolisi anaingia darasani kufundisha hesabu, na wiki za mwanzo watoto wanamtoa jasho kuliko majambazi. Yaani unachokishangilia ni kazi ya ticha, halafu unamcheka ticha.

Mimi ile hali ya Prez naijua, ndio maana sikulala. TP niligawiwa Jiografia, Kidato cha Kwanza, darasa moja wanafunzi 94. Siku ya kwanza nikafundisha mistari ya kontua. Nikaongea dakika 40 na Kiingereza changu cha chuo, nikachora ubao mzima, nikawauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa pamoja "yeees". Nikatoka kifua mbele. Nikakusanya madaftari jioni: sifuri, sifuri, sifuri. Wengine walikuwa wamechora kontua kama kitunguu kilichokatwa, hawajui ni kilima. Nilikaa na yale madaftari nikataka kurudi nyumbani.

Mwalimu mwenyeji wa somo, mama mmoja ana miaka mingi kazini, hakunicheka. Aliniambia: "Mwanangu, usiwaulize kama wameelewa, watakujibu ndiyo mpaka kesho. Waweke wawili wawili waongee kwanza." Halafu nikakumbuka somo la zana za kufundishia, lile ambalo wote tulikuwa tunasinzia, mhadhiri kaja na kiazi. Nikanunua viazi sokoni kwa hela yangu ya bumu. Kikate nusu, hicho ni kilima. Kikate vipande vya kulala, kila kipande zungushia kalamu kwenye karatasi, kimoja ndani ya kingine. Hizo ndizo kontua. Kuna kijana wa dawati la nyuma hajawahi kufungua mdomo, alishika kisu, akakata, akachora, akasimama kuwaeleza wenzake kwa Kiswahili. Nikamuacha amalize.

Hicho sikuzaliwa nacho. Nilifundishwa, na mhadhiri na yule mama. Bila hivyo ningeondoka pale nikisema wale watoto ni vilaza, na wao wangeamini.

Ndio maana ule utani siupendi, na nawaambia hasa nyie wenzangu wa ualimu mnaosema "nikikosa benki nitafundisha". Mwigizaji akiboronga, mtazamaji anabadili chaneli. Mtoto wa Kidato cha Kwanza hana rimoti. Amekwama na wewe mwaka mzima, na ukimfundisha vibaya ni yeye atakayeitwa kafeli.

Kwa hiyo jamaa yangu wa kimbweta, flashi yako ninayo, nipo kipindi cha tisa msimu wa tano, nitakurudishia Jumatatu. Ukitaka tubishane njoo, mada ninayo. Ila ukija niite ticha kwa heshima.

Nawasilisha. Maoni ruksa, matusi baki nayo kwenu.